Masomo ya Msingi ya Uchumi kwa Njia ya Mtandao: Mwongozo kwa Watanzania Waishio Nje Wanaojiandaa na Shahada ya Uzamili

Na Mwandishi Wetu, Busega – Simiyu

WAPO Watanzania waishio nje ya nchi wenye shahada ya kwanza ya kilimo, ualimu, uhandisi au sheria ambao wangependa kusoma shahada ya uzamili katika uchumi. Wengi wao hukutana na sharti moja: kabla ya kudahiliwa, mwombaji aonyeshe kuwa amesoma na kufaulu masomo ya msingi ya uchumi na hisabati katika ngazi ya chuo kikuu. Kwa mtu aliye kazini ugenini, njia iliyo karibu zaidi ni kuyasoma kwa mtandao.

Njia hiyo ipo na ni halali. Hata hivyo, wako wanaolipa ada, wanaokesha miezi mingi na kufaulu mitihani, kisha wakaambiwa na chuo walichokusudia kwamba kozi walizosoma hazihesabiki. Makala haya yanaeleza masomo hayo ni yapi, yanapatikana wapi, yanapimwaje, na ni hatua zipi zichukuliwe kabla ya kulipa.

Ili maelezo yaeleweke, tuchukue mfano wa muhitimu wa shahada ya kwanza ya kilimo aliyezaliwa Kata ya Kalemela, Wilaya ya Busega mkoani Simiyu, ambaye sasa anafanya kazi Muscat, Oman. Sehemu ya mshahara wake huenda nyumbani kwa ada ya wadogo zake na mahitaji ya shamba la familia. Kila kozi anayoilipia inashindana na mahitaji hayo, hivyo hawezi kumudu kulipia kitu kisichohesabika.

Masomo yanayotakiwa

Masharti hutofautiana kati ya chuo na chuo, lakini kiini chake hakibadiliki sana. Mwombaji wa uzamili wa uchumi hutarajiwa kuwa na mafungu mawili ya masomo.

Fungu la kwanza ni la uchumi wenyewe. Lina mikroekonomia, yaani uchambuzi wa maamuzi ya mtu mmoja mmoja, kaya, mkulima na kampuni. Makroekonomia, yaani uchambuzi wa uchumi wa nchi nzima, ukiwemo mfumuko wa bei, ajira, riba na thamani ya fedha. Na ekonometriki, yaani matumizi ya takwimu kupima uhusiano wa mambo ya kiuchumi.

Fungu la pili ni la hisabati. Lina kalkulasi, aljebra ya matriki, pamoja na takwimu na nadharia ya uwezekano.

Waombaji wasiotoka katika fani hii mara nyingi huweka nguvu katika fungu la kwanza na kulipa kisogo la pili. Hapo ndipo wanapokwama. Uchumi wa ngazi ya uzamili hufundishwa kwa lugha ya hisabati, na mwanafunzi asiyeijua lugha hiyo hupotea katika wiki za kwanza.

Mfano wa nyumbani unaweza kusaidia. Mkulima wa pamba wilayani Busega anajiuliza iwapo anyunyize dawa mara moja zaidi kabla ya mavuno. Swali lake si gharama ya dawa zote za msimu, bali ni kiasi gani cha pamba kitaongezeka kwa mnyunyizo huo mmoja, kikilinganishwa na bei yake. Badiliko hilo dogo la mwisho ndilo kalkulasi inalolipima. Afisa anayetaka kujua iwapo mavuno ya kata yameongezeka kwa sababu ya mbegu mpya au kwa sababu mvua ilikuwa nzuri anauliza swali la ekonometriki. Na anayechambua kwa pamoja mahesabu ya mamia ya kaya, kila moja ikiwa na ekari, mbegu, vibarua na mavuno yake, anahitaji matriki.

Jambo jingine la kuzingatia ni ngazi ya kozi. Kozi za utangulizi, ambazo hufundishwa mwaka wa kwanza kwa michoro na maelezo, kwa kawaida hazitoshi. Vyuo vingi hutaka mikroekonomia na makroekonomia za ngazi ya kati, zinazofundishwa kwa kutumia kalkulasi. Mwombaji anaweza kuwa na alama ya juu kabisa katika kozi ya utangulizi na bado akaambiwa hajatimiza sharti. Kabla ya kujisajili, asome muhtasari wa kozi na kuangalia kama kalkulasi imetajwa miongoni mwa mahitaji yake.

Elimu ya masafa si jambo jipya

Kusoma ukiwa mbali na chuo kulianza zamani. Chuo Kikuu cha London kilianza kuwatahini wanafunzi wasiokaa chuoni tangu mwaka 1858. Hapa nchini, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima imetoa elimu kwa njia ya posta tangu miaka ya 1970. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa Sheria ya Bunge Na. 17 ya mwaka 1992, mahsusi kwa ajili ya elimu huria na masafa.

Mtandao umebadilisha kasi na wingi wa elimu hiyo. Mwaka 2001 Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, maarufu kama MIT, ilitangaza mpango wa kuweka masomo yake mtandaoni bila malipo. Mwaka 2012 yalianzishwa majukwaa makubwa ya kozi za mtandaoni, yakiwemo edX na Coursera. Tangu hapo, mtu mwenye simu na kifurushi cha intaneti anaweza kumsikiliza mhadhiri wa Boston akiwa Muscat au Bariadi. Swali ni iwapo kusikiliza huko kutahesabiwa na chuo anachokwenda kuomba.

Aina nne za kozi

Kozi za uchumi na hisabati zinazopatikana mtandaoni zinaweza kugawanywa katika makundi manne, na kila kundi lina uzito wake mbele ya kamati ya udahili.

Kundi la kwanza ni masomo ya bure yasiyo na mtihani wala cheti, kama yale ya mpango wa MIT uliotajwa. Yanafaa sana kwa kujifunza na kujipima, lakini hayaachi ushahidi wowote. Mtu aliyemaliza shule miaka kumi iliyopita anashauriwa aanzie hapa, ili ajue hali yake ya hisabati kabla ya kutoa fedha.

Kundi la pili ni kozi zinazotoa cheti cha kumaliza, kama kozi nyingi za edX na Coursera. Cheti hicho huonyesha juhudi na nia, lakini kwa kawaida si krediti za chuo kikuu. Vyuo vingine hukipokea kama nyongeza ya maombi, na vingine havikipi uzito wowote.

Kundi la tatu ni programu za mtandaoni zenye mitihani inayosimamiwa, ambazo chuo husika kimekubali kuzihesabu katika shahada yake. Mfano unaofahamika katika uchumi ni programu ya MIT ya takwimu, uchumi na sera za maendeleo, iliyoanza mwaka 2017. Ada yake hupangwa kulingana na kipato cha mwanafunzi, na wanaofanya vizuri wanaweza kuomba shahada ya uzamili ya MIT inayokamilishwa chuoni. Waanzilishi wake ni pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, ambao mwaka 2019 walipata Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Michael Kremer. Sehemu ya utafiti wa Kremer ilifanyika katika shule za msingi za Busia, magharibi mwa Kenya.

Kundi la nne ni kozi za chuo kikuu zenye krediti, zinazosomwa kwa mtandao na kuandikwa katika hati rasmi ya matokeo, maarufu kama transkripti. Hapa zipo kozi za Chuo Kikuu Huria cha Tanzania na za Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, yaani UNISA. Ipo pia stashahada ya wahitimu katika uchumi ya Chuo Kikuu cha London, inayoongozwa kitaaluma na shule ya uchumi ya London, LSE. Kwa upande wa hisabati, mpango wa NetMath wa Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani hutoa kozi za kalkulasi na aljebra ya matriki kwa njia hii.

Kwa anayetafuta kutimiza sharti la udahili, kundi la nne ndilo lenye usalama mkubwa zaidi. Kundi la tatu linafuata, hasa kwa anayelenga chuo kilichoweka makubaliano ya kulihesabu.

Anza na chuo unachokwenda

Kosa la kawaida ni kutafuta kozi kwanza na chuo baadaye. Utaratibu salama ni kinyume chake. Mwombaji achague vyuo viwili au vitatu anavyokusudia kuomba, asome masharti ya programu, kisha aandike barua pepe kwa ofisi ya udahili au mratibu wa programu kabla ya kujisajili popote.

Barua hiyo iwe fupi na yenye maswali mahsusi. Je, chuo kinakubali kozi hii, ya chuo hiki, kwa njia ya mtandao, kuwa imetimiza sharti la kalkulasi? Je, alama ya chini inayokubalika ni ipi? Je, matokeo ya kufaulu au kufeli bila daraja yanakubalika? Je, kuna ukomo wa miaka tangu kozi ilipofanyika? Barua iambatishwe na muhtasari wa kozi yenyewe.

Jibu litunzwe. Kamati za udahili hubadilika na watumishi huhama, na jibu la maandishi litamsaidia mwombaji pale afisa mpya atakapouliza kwa nini kozi fulani ihesabiwe. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa wanaokusudia kusoma nyumbani au katika ukanda huu, ni vyema kufahamu mtandao wa Jumuiya ya Utafiti wa Uchumi Afrika, yaani AERC, ulioanzishwa mwaka 1988 na wenye makao yake Nairobi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni miongoni mwa vyuo vinavyoshiriki programu yake ya pamoja ya uzamili. Masomo ya lazima ya programu hiyo ni mikroekonomia, makroekonomia na mbinu za kihesabu. Muhitimu wa Kalemela anayetaka kurudi kusoma Dar es Salaam atakutana na hisabati ileile ambayo angekutana nayo London.

Kulinganisha krediti

Krediti ni kipimo cha uzito wa kozi, na kila nchi ina kipimo chake. Kutokuelewa tofauti hizo huwafanya baadhi ya waombaji wadhani wamesoma kidogo au kingi kuliko uhalisia.

Nchini Tanzania, krediti 1 ni sawa na saa 10 za kujifunza, zikiwemo saa za mhadhara, mazoezi, kujisomea na mitihani. Mwaka mmoja wa masomo ya kutwa ni krediti 120, na shahada ya kwanza ya miaka mitatu haipungui krediti 360. Shahada ya uzamili haipungui krediti 180. Uingereza hutumia kipimo kinachofanana, cha krediti 120 kwa mwaka. Mfumo wa Ulaya una krediti 60 kwa mwaka, na Marekani kwa kawaida 30.

Kwa ulinganisho huo, kozi ya Marekani yenye krediti 3 ni sehemu ya kumi ya mwaka, hivyo inakaribia krediti 12 za Tanzania. Kozi ya Ulaya yenye krediti 6 nayo inakaribia 12. Kozi ya Uingereza yenye krediti 15 inakaribia 15. Hesabu hii ni ya kukadiria tu. Uamuzi wa mwisho ni wa chuo kinachopokea.

Kwa wanaosoma ndani ya ukanda, ifahamike kuwa wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu tarehe 20 Mei, 2017. Lengo mojawapo ni kurahisisha utambuzi wa masomo kati ya nchi wanachama, kazi inayoratibiwa na Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lenye makao yake Kampala.

Hesabu ya muda

Mtu aliye kazini anaweza kupata saa 10 za kusoma kwa wiki: saa mbili kwa siku tatu za kazi, na nyingine nne siku ya mapumziko. Kozi yenye uzito wa krediti 12 za Tanzania inahitaji takribani saa 120, sawa na wiki 12. Tuseme muhitimu wetu anahitaji kozi sita: kalkulasi mbili, aljebra ya matriki, takwimu, mikroekonomia na makroekonomia za ngazi ya kati. Akizisoma moja baada ya nyingine atahitaji wiki 72, yaani karibu mwaka mmoja na nusu, bila kuhesabu likizo, ugonjwa na misiba.

Kwa kuwa vyuo vingi vya Marekani hupokea maombi kati ya Desemba na Januari kwa masomo yanayoanza Agosti au Septemba, anayetaka kuanza darasani mwaka fulani anapaswa kuanza kozi zake zaidi ya miaka miwili kabla. Mpangilio nao ni muhimu. Kalkulasi itangulie, kwa kuwa kozi nyingine karibu zote huitegemea, kisha takwimu na aljebra ya matriki, ndipo uchumi wa ngazi ya kati.

Tofauti ya saa izingatiwe pia. Muscat iko saa moja mbele ya Dar es Salaam. Kipindi cha moja kwa moja kinachoanza saa 12 jioni Boston ni saa 9 usiku Muscat wakati wa baridi, na saa 8 usiku wakati wa kiangazi, kwa sababu Marekani hubadilisha saa mara mbili kwa mwaka ilhali Oman na Tanzania hazibadilishi. Mtihani wa London unaoanza saa 4 asubuhi mwezi Mei ni saa 7 mchana Muscat. Aidha, mapumziko ya wiki nchini Oman ni Ijumaa na Jumamosi, hivyo kipindi cha Jumapili kitaangukia siku ya kazi. Mwenye zamu zinazobadilika achague kozi zenye mihadhara iliyorekodiwa, na ahakikishe tarehe za mitihani kabla ya kulipa.

Mitihani na mazingira ya kusomea

Mitihani ya mtandaoni husimamiwa kwa kamera. Msimamizi huomba kitambulisho, huomba aonyeshwe chumba chote, na mtu mwingine akiingia au sauti yake ikisikika, mtihani unaweza kusimamishwa. Kwa wafanyakazi wanaoishi chumba kimoja watu wanne au sita, jambo hili linahitaji maandalizi: kuomba chumba cha rafiki, ofisi baada ya saa za kazi, au kuchagua chuo kinachotoa mtihani katika kituo cha mitihani chenye msimamizi.

Anayetarajia kuwa likizoni nyumbani wakati wa mtihani afikirie umeme na mtandao. Ni salama zaidi kusafiri siku moja kabla hadi Bariadi au Mwanza na kutafuta mahali penye intaneti ya uhakika kuliko kutegemea simu moja kijijini. Mihadhara inayoruhusiwa kupakuliwa ipakuliwe mapema kabla ya safari.

Wanafunzi wanakumbushwa kuwa kumwachia mtu mwingine afanye zoezi au mtihani ni udanganyifu wa kitaaluma. Adhabu yake inaweza kuwa kufutiwa matokeo, na kumbukumbu yake humfuata mhusika katika maombi ya baadaye. Zaidi ya hayo, aliyefanyiwa kalkulasi na mwingine ataingia darasa la uzamili bila kalkulasi.

Nyaraka: jina, wilaya na mkoa

Vyuo hudai hati ya matokeo ya shahada ya kwanza, cheti, pasipoti na mara nyingine vyeti vya sekondari. Hati ya matokeo kwa kawaida hutumwa moja kwa moja kutoka chuo hadi chuo, si kwa mkono wa mwombaji. Uthibitisho wa matokeo ya sekondari hutolewa na Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA).

Majina yafanane katika nyaraka zote. Aliyesoma kwa jina moja na kupata pasipoti kwa jina lenye mpangilio mwingine alirekebishe jambo hilo kisheria mapema, kwa kuwa kulirekebisha akiwa ugenini huchukua muda mrefu.

Kwa wazaliwa wa Busega kuna jambo la pekee. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwezi Machi, 2012. Kabla ya hapo eneo la Busega, ikiwemo Kalemela, lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Magu, Mkoa wa Mwanza. Hivyo, mtu aliyezaliwa Kalemela mwaka 1995 anaweza kuwa na cheti cha kuzaliwa kinachotaja Magu, Mwanza, huku barua ya mtendaji wa kata ya sasa ikitaja Busega, Simiyu. Nyaraka zote mbili ni sahihi. Katika fomu za chuo, mahali pa kuzaliwa paandikwe kama panavyosomeka katika pasipoti, na panapohitajika iambatishwe barua fupi ya maelezo kuhusu mabadiliko ya mipaka ya kiutawala. Kufanya hivyo huondoa shaka kwa afisa wa udahili asiyeijua historia hiyo.

Viza na masharti ya ukaazi

Anayeishi nje kwa viza ya kazi au kama mtegemezi wa mwenza wake athibitishe kuwa masharti ya ukaazi wake yanaruhusu masomo. Kwa mwenye viza ya mwanafunzi, kozi za mtandao zina mipaka yake. Nchini Marekani, kwa mfano, mwenye viza ya F-1 anayesoma shahada anaweza kuhesabu kozi moja tu ya mtandao, isiyozidi krediti 3, katika mzigo wake wa lazima wa muhula. Anayejaza muhula kwa kozi za mtandao ili aokoe fedha anahatarisha hadhi yake ya ukaazi.

Ithibati na utambuzi wa tuzo

Kabla ya kulipa, mwombaji ahakikishe kuwa chuo kina ithibati katika nchi kinakotoka. Jina linalofanana na la chuo maarufu, tovuti ya kuvutia na ahadi ya shahada ndani ya miezi michache si uthibitisho. Taarifa ya ithibati itafutwe kwa mamlaka ya udhibiti ya nchi husika, si katika tovuti ya chuo chenyewe pekee.

Hapa nchini, mamlaka hiyo ni Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), inayofanya kazi chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu, Sura ya 346. Miongoni mwa majukumu yake ni kutathmini na kutambua tuzo zilizotolewa na vyuo vya nje. Ni vyema kutofautisha mambo mawili. Kozi moja moja ya msingi si tuzo, hivyo uzito wake huamuliwa na chuo kinachomdahili mwanafunzi. Shahada ya uzamili itakayopatikana baadaye ni tuzo, na mhitimu atakayerudi kuomba ajira au masomo zaidi nchini atapaswa kuiwasilisha kwa Tume ili itambuliwe.

Jambo hili ni la kuzingatiwa hasa katika programu za nje zinazomruhusu mtu kuingia uzamili bila shahada ya kwanza, ambazo baadhi ya vyuo vikubwa sasa vinazo. Anayetaka kutumia njia hiyo na baadaye kurudi nchini aulize Tume kabla ya kuanza.

Muhtasari wa hatua

Anayejiandaa na safari hii anashauriwa kufuata mpangilio ufuatao:

1. Kuchagua vyuo viwili au vitatu na kusoma masharti ya programu ya uzamili.
2. Kujipima hisabati kwa masomo ya bure kwa mwezi mmoja au miwili.
3. Kuthibitisha ithibati ya chuo kinachotoa kozi ya mtandao.
4. Kuandika kwa chuo anachokusudia na kupata jibu la maandishi kuhusu kila kozi.
5. Kuhakiki majina na nyaraka, pamoja na masharti ya viza.
6. Kulipia kozi moja kwanza, akianza na kalkulasi, na kuikamilisha kabla ya kulipia nyingine.
7. Kutunza muhtasari wa kila kozi, risiti, barua na hati za matokeo katika nakala mbili, moja ya karatasi na moja ya kielektroniki.

Hatua ya sita inaweza kuonekana ya kuchelewesha, lakini ina faida yake. Akifaulu kalkulasi, mwombaji anajua kuwa safari inawezekana. Akishindwa, amepoteza ada ya kozi moja badala ya sita, na bado anaweza kurudia au kuchagua fani nyingine kabla akiba yake haijaisha.

Kwa familia zilizoko Kalemela na kwingineko, ambazo zina ndugu ughaibuni anayejiandaa na masomo haya, ni vyema kufahamu kuwa kipindi cha mwaka mmoja na nusu cha kozi za mtandao ni masomo kamili, ijapokuwa mhusika haonekani akienda chuoni. Huenda fedha anazotuma zikapungua kwa muda, na simu za usiku zikawa chache. Mpango huo uzungumzwe mapema ndani ya familia, ili ada ya wadogo zake na ada ya kozi zake zipangwe pamoja.

Wananchi wanakumbushwa kuwa masharti ya udahili, ada na tarehe za maombi hubadilika kila mwaka. Taarifa sahihi zitafutwe katika chuo husika, na kwa masuala ya utambuzi wa tuzo, katika Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Watanzania waishio nje wanaweza pia kupata maelekezo katika balozi za Tanzania zilizo katika nchi wanazoishi.